Karatasi ya Mmoja na Karatasi ya Wengi

Msomaji aliyelelewa katika kwaya ya kanisa, awe wa Songea au wa Machakos, aghalabu ana sura moja tu ya nota akilini mwake: ukurasa wenye mistari minne ya herufi, d kwa do, r kwa re, m kwa mi, nukta pacha zikitenga pigo na pigo, sauti ya kwanza juu, ya pili chini yake, kisha ya tatu, na ya nne miguuni pa zote, na maneno ya wimbo yakipita kati yao. Namna hiyo ya kuandika, ambayo Mwingereza John Curwen aliieneza katika karne ya 19 akiijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ina fadhila ambayo wanakwaya hawaitanabahi mpaka waikose, nayo ni kwamba kila mwimbaji anawaona wenzake wote. Mwenye besi akipotea, jicho lake hupanda mistari mitatu, likaona sauti ya kwanza imefika wapi, naye akarejea njiani bila ya mtu kujua. Kwa hiyo kijana atokaye kwaya akaja kwangu kujifunza fidla, siku ya kwanza anapokaa kati ya wapigaji na kukabidhiwa karatasi yake, huigeuza mbele na nyuma kisha akauliza, "Mwalimu, za wenzangu ziko wapi?"

Hazipo. Karatasi ya mpigaji katika kundi ina sehemu yake yeye peke yake, na mwenye kuziona zote pamoja, zimepangwa moja juu ya nyingine kuanzia filimbi mpaka besi, ni kiongozi asimamaye mbele. Sababu yake ni ya mikono kabla ya kuwa ya kitu kingine chochote. Mwimbaji ana mikono mitupu, ilhali mpiga fidla ameishughulisha yote miwili, mmoja katika nyuzi na mmoja katika uta. Na nota ya kiongozi ya simfoni moja hupita kurasa 100 kwa wepesi, maana ala zikiwa ishirini na ushei zimerundikwa katika ukurasa mmoja, ukurasa huo huisha kwa muda wa pumzi chache. Ampe nani kazi ya kuufunua? Ndipo sehemu ya kila mmoja ikaandikwa mbali, ikawa kurasa chache, na mwandishi mwenye maarifa hujitahidi kila ukurasa uishie mahali pa kimya, ili mpigaji apate nafasi ya kunyoosha mkono. Katika okestra wapiga fidla wawili husomea stendi moja, na kwa kaida yule aliye mbali na hadhira ndiye anayeacha kupiga akafunua, mwenziwe akiendelea. Mimi nikipewa nota mpya, jambo la kwanza nilitazamalo ni pembe ya chini ya kulia ya kila ukurasa. Nikikuta pamejaa nukta za mbio hata ukingoni, najua aliyeipanga hajapata kushika ala.

Utengano huu ni wa kale. Ottaviano Petrucci alipochapa kule Venice, mwaka 1501, kitabu cha kwanza cha muziki wa sauti nyingi kwa herufi za madini zinazopangwa na kupanguliwa, sauti zilikaa kila moja mahali pake katika kurasa mbili zinazokabiliana, wala hazikupandishwa moja juu ya nyingine. Na haukupita muda mrefu wachapaji wakazitenga kabisa, kila sauti na kijitabu chake. Desturi hiyo ilikuwa na hatari yake, kwani kijitabu kimoja kikipotea safarini au kikiliwa na mchwa, vilivyosalia huwa kama mlango usio na bawaba, na zipo kazi za karne ya 16 ambazo hata leo zinakosa sauti moja, wataalamu wakiikisia kwa kupima pengo iliyoliacha. Hata hivyo desturi ilidumu. Mwaka 1782, nyumba ya Artaria ya Vienna ilipotoa kwarteti sita za Joseph Haydn zijulikanazo kuwa opasi 33, mnunuzi alikwenda nazo nyumbani zikiwa vijitabu vinne, fidla mbili, viola na selo. Hakuna aliyeona haja ya kumwuzia ukurasa wa kuona yote, maadam wapigaji wanne waliokaa kwa kuelekeana wangeyasikia yote.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo kijana wangu hana budi aifahamu mapema: sehemu iliyotengwa humwachia msomaji wake kuyatafuta kwa sikio yasiyoandikwa. Kipande kikubwa cha elimu ya kusoma nota za kundi ni elimu ya kuhesabu kimya. Kimya kina alama zake, kwa pigo moja, kwa mawili, kwa kipimo kizima, yaani kile chumba kidogo cha mapigo kinachotengwa kwa mstari wa wima. Na vipimo vya kimya vinapokuwa vingi huandikwa mstari mmoja mnene na tarakimu juu yake, tuseme 48, nayo ni amana aliyopewa mpigaji aihifadhi kichwani bila kosa. Katika simfoni ya tisa ya Antonín Dvořák, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 16 Desemba 1893, mpiga matoazi ana pigo moja tu katika kazi nzima ya kadiri ya dakika arubaini, nalo limo katika sehemu ya nne na ya mwisho. Mtu huyo hafanyi kazi ndogo. Amekaa na wenzake, amehesabu pamoja nao, na pigo lake likitangulia au likichelewa, watu wote ukumbini watajua. Kumsaidia, mwandishi humwekea nukta ndogo ndogo zisizo zake, ambazo ni lahani ya jirani, apate kusikia, "sasa ni tarumbeta, baada yake ni mimi." Nukta hizo ndogo ndizo jibu la swali la kijana: za wenzake zimo, kwa uchache, pale tu anapozihitaji.

Liko jambo jingine linalowatatiza wanaoanza, nalo nalitaja kwa ufupi. Klarineti ya kawaida ikisoma do, sauti itokayo ni ya chini kwa hatua nzima, na fidla kubwa ya besi hulia chini ya nota yake kwa daraja zima la sauti nane. Basi atakayenakili sehemu ya fidla na kumpa mwenye klarineti bila kuihamisha atasikia kundi linagombana.

Ama karatasi ya mpigaji wa peke yake, hiyo ni elimu nyingine, na mimi huipenda kupita kiasi. Mwaka 1720 Johann Sebastian Bach alinakili kwa mkono wake, kwa hati nzuri inayopanda na kushuka kama mawimbi, kazi sita za fidla moja isiyosindikizwa na besi, na mswada huo ungaliko, umehifadhiwa katika maktaba ya taifa kule Berlin, ijapokuwa haukuchapwa mpaka mwaka 1802. Anayeufungua kwa mara ya kwanza hushangaa kuona nota nne zimesimama pamoja, moja juu ya nyingine, kana kwamba zimeandikiwa kinanda. Fidla haiwezi kuziliza kwa pamoja: kile kijiti kinachobeba nyuzi kimepinda kama mgongo wa daraja, na uta hugusa nyuzi mbili kwa raha, tatu kwa kulazimishwa, nne kamwe, kwa hiyo mpigaji hulivunja rundo, mbili za chini kwanza kisha mbili za juu. Bach alilijua hilo vizuri, maana mwenyewe alikuwa mpiga fidla, akaandika vilevile sauti za chini ziendelee kushikwa ilhali uta umekwisha kuziacha. Aliandika kile ambacho akili ya msikilizaji itakamilisha. Katika Chaconne, inayofunga partita ya pili katika kazi hizo na yenye vipimo zaidi ya 250 juu ya hatua chache za besi zinazokaririwa, kuna mahali alipoonyesha mfano mara moja jinsi ya kuzisambaza nota za rundo, kisha akaacha marundo matupu, akimwamini mpigaji ayafumue mwenyewe.

Kazi zake sita za selo hazikubahatika hivyo. Mswada wa mkono wake haupo tena. Iliyopo ni nakala ya mkewe, Anna Magdalena, na nyingine chache, na zile alama za tao zinazomwambia mpigaji nota zipi azifunge katika mvuto mmoja wa uta zimechorwa kwa namna isiyobainisha zinaanzia wapi na kukomea wapi. Mwenye kununua nota za selo, basi, na amtazame nani aliyezihariri na amesema nini katika dibaji, kwani alama nyingi za tao atakazozikuta ni rai ya mhariri.

Huku kwetu pwani mambo yamekwenda kwa njia yake. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905, na vikundi vilivyoifuata, vilirithishana nyimbo kwa sikio miaka na miaka. Siku hizi Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, hufundisha taarabu pamoja na kusoma nota. Karatasi ya taarabu ni nyembamba, lahani moja isomwayo na fidla, ganuni, udi na nai kwa pamoja, na katika ngazi ya sauti iitwayo maqam ya rasti, daraja ya tatu huwekewa alama ya kushusha iliyokatwa kwa kistari, maana sauti yake imo kati ya mbili za piano na akodioni ya kawaida haina pa kuipatia. Kijana wangu nilimpeleka huko akakae nyuma ya wapiga fidla. Alichungulia karatasi ya mwenye ganuni, akaikuta ni ileile yake, nukta kwa nukta. Nikamwambia aikunje, amtazame yule mzee wa ganuni vidole, na aweke penseli tayari.