Sanduku la spana la babu si skrapu: Lisome kabla halijauzwa kwa kilo

Kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma kuukuu, sanduku la spana la miaka 70 na bampa la gari lililogongwa ni kitu kimoja. Vyote ni kilo. Mzee anastaafu au anaaga dunia, familia inasafisha stoo, na lile sanduku zito lenye grisi linakuwa la kwanza kutolewa nje. Mtu wa mkokoteni anapita mtaani akiuliza kama kuna vyuma. Wanapatana, pesa inahesabiwa, na mambo kwisha.

Shida ni kwamba sanduku la fundi lina maandishi hata kama hujayaona. Lina herufi zilizogongwa kwenye bati, anwani kwenye kibango kidogo cha shaba, skrubu za aina fulani, droo zilizopimwa kwa kifaa fulani. Vyote hivyo hukuambia sanduku lilitengenezwa lini, wapi, na fundi aliyelibeba alikuwa akifanya kazi gani. Likishayeyushwa, habari hizo zimekwenda. Na habari njema ni kwamba kuzisoma si kazi ya profesa. Unahitaji tochi, kitambaa, simu ya kupiga picha na subira kidogo.

Kwani nani anakusanya masanduku?

Marekani na Uingereza kuna watu wanaoyasaka haya masanduku kama vile wengine wanavyosaka viatu vya toleo la kwanza. Wengine ni mafundi wanaoyatumia kila siku, kwa sababu bati la zamani mara nyingi lilikuwa nene kuliko la siku hizi. Wengine wanapenda historia tu.

Na historia ipo kweli. Mwaka 1936 mkulima mmoja katika kisiwa cha Gotland, Sweden, alikuwa akilima kwenye kinamasi kilichokaushwa kiitwacho Mästermyr. Jembe lake likakwama. Alichovuta kutoka kwenye tope kilikuwa sanduku la mbao ya mwaloni lililozungushiwa mnyororo, na ndani na kandokando yake vifaa zaidi ya 200: nyundo, misumeno, tupa, koleo. Mwenyewe alikuwa fundi wa enzi ya Waviking, miaka takriban 1,000 iliyopita. Hatumjui kwa jina. Ila kwa sababu ya sanduku lake tunajua kwamba alifua vyuma na pia kuchonga mbao.

Uingereza nako kuna sanduku la Benjamin Seaton, kijana wa Chatham, Kent. Mwaka 1796 baba yake alimnunulia seti nzima ya vifaa vya useremala kutoka kwa muuzaji wa London aliyeitwa Christopher Gabriel. Seaton akajijengea sanduku la kuvitia, kisha akaandika orodha ya kila kifaa kilichomo. Inaonekana hakuvitumia sana, kwa hiyo vifaa na orodha vimefika kwetu karibu kamili, na viko katika Jumba la Makumbusho la Guildhall, Rochester. Leo mtu akitaka kujua seremala wa London wa karne ya 18 alikuwa akinunua nini dukani, anaanzia hapo. Orodha hiyo imefanya kazi hiyo yote.

Sanduku lenye jina kubwa kuliko yote labda ni la Henry O. Studley, fundi wa piano wa Massachusetts, Marekani, aliyezaliwa 1838 na kufariki 1925. Hili hutundikwa ukutani na kufunguka kama kitabu. Ndani kuna vifaa karibu 300, kila kimoja na kiota chake kilichochongwa kwa umbo lake. Kabla ya kufa alimwachia rafiki yake. Angekosa rafiki, huenda lingeishia kuni.

Anza na herufi

Turudi nyumbani sasa. Ukikuta sanduku la zamani Kenya, usikimbilie kuuliza bei. Washa tochi, tafuta herufi. Angalia chini ya kifuniko, kando ya kishikio, nyuma ya kufuli na kwenye kitako.

Herufi za reli ndizo zenye utamu, kwa sababu shirika hilo lilibadilisha jina mara kadhaa na kila jina lina miaka yake. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na ikafika Nairobi 1899. Mwaka 1926 ikaitwa reli ya Kenya na Uganda, kwa hiyo herufi K.U.R. haziwezi kuwa za kabla ya hapo. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ile ya Tanganyika, zikazaliwa herufi E.A.R. & H., ile H ikiwa ya bandari. Mwaka 1969 bandari zikapewa shirika lake na H ikaondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikabaki na reli yake. Kwa hivyo ukisoma E.A.R. & H. kwenye kifuniko, unajua herufi hizo ni za kati ya 1948 na 1969. Bila kuuliza mtu.

Halafu kuna alama ya mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku. Hiyo ilikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza, pamoja na jeshi lake, na mara nyingi mwaka umegongwa pembeni yake.

Lakini makini: herufi hukuambia mwenye mali, si mtengenezaji. Sanduku laweza kuwa lilinunuliwa likiwa na umri tayari, kisha likagongwa alama baadaye.

Anwani haidanganyi

Kama kuna kibango cha kampuni, soma mpaka nukta ya mwisho. Yale ya Marekani ni rahisi. Ukiona namba moja au mbili kati ya jina la mji na jina la jimbo, hiyo ni kanda ya posta, mtindo ulioanza 1943. Ukiona tarakimu tano baada ya jimbo, ni 1963 au baadaye, maana ndipo mfumo huo ulipoanza. Kama hakuna namba yoyote, huenda ni la kabla ya 1943, ingawa usiweke dau, kwa sababu kampuni nyingine hazikuandika namba tu.

Namba ya hataza, yaani ile haki anayopewa mvumbuzi, nayo husaidia. Marekani ilitoa hataza ya milioni moja mwaka 1911, ya milioni mbili 1935, na ya milioni tatu 1961. Sanduku lenye namba inayoanzia milioni mbili na kitu haliwezi kuwa la kabla ya 1935.

Na yale ya Ujerumani? Maandishi "Made in West Germany" yanakuweka kati ya 1949, nchi hiyo ilipozaliwa, na 1990, ilipoungana na ile ya Mashariki.

Hakuna maandishi? Soma mwili

Mara nyingi kibango kilishang'oka. Hapo unasoma sanduku lenyewe.

Anza na skrubu. Zile za kichwa cha nyota zilipata hataza na kuanza kuenea viwandani miaka ya 1930. Kama skrubu za mwanzo ni za nyota, basi sanduku si la enzi ya reli ya mkoloni wa kwanza, hata muuzaji aape vipi. Ila hakikisha ni za mwanzo. Skrubu inayong'aa kwenye sanduku lenye kutu ilikuja jana.

Kama ni la mbao, vuta droo utazame pembe. Mbao hushikana kwa meno yaliyopanuka kama mkia wa njiwa. Yakiwa yamelingana yote kama yamepigwa muhuri, mashine imefanya kazi. Yakitofautiana kidogo, na ukiona mstari mwembamba wa kalamu ya chuma ambao seremala aliuchora kabla ya kukata, basi hiyo ni kazi ya mkono.

Kama ni la bati, tazama maungio. Yamekunjwa na kugongwa ribiti, au yamechomelewa? Kisha angalia kama kuna kiraka. Kiraka kinaeleza kuwa mtu aliona sanduku hili linastahili kutengenezwa badala ya kutupwa.

Mwisho, soma nafasi. Droo nyembamba nyingi zilizotandikwa kitambaa ni za fundi wa vipimo, anayefanya kazi ya usahihi kwenye mashine. Trei moja ya juu na shimo kubwa chini ni la makanika. Sanduku refu jembamba ni la seremala, kwa sababu msumeno haukunjwi.

Majina mawili ya kujua

Ukiingia kwenye ulimwengu huu utakutana haraka na majina mawili kutoka jimbo la Ohio. La kwanza ni Gerstner, kampuni iliyoanza Dayton mwaka 1906, inayosifika kwa masanduku ya mbao yenye droo zilizotandikwa kitambaa cha kijani. Ubao wake wa mbele huteleza chini ya droo unapofanya kazi, na jioni unarudishwa kufunga zote kwa kufuli moja. Katikati kuna droo ndefu kidogo kuliko wenzake. Hiyo ilipimwa ili kitabu kiingie: Machinery's Handbook, kitabu cha mfukoni cha mafundi mitambo kilichotoka mara ya kwanza 1914. Yaani sanduku lilijengwa likijua kwamba fundi husoma.

La pili ni Kennedy, iliyoanza Van Wert mwaka 1911. Haya ni ya chuma, na unayatambua kwa rangi ya kahawia iliyokunjamana kama ngozi ya embe lililokauka. Ukunjamano huo si uzee. Rangi ilitengenezwa ikauke hivyo.

Na usidanganywe na jina peke yake. Masanduku ya Craftsman, yaliyouzwa na maduka ya Sears tangu 1927, hayakutengenezwa na Sears. Viwanda tofauti viliyatengeneza, na tarakimu za mwanzo za namba ya modeli ndizo zilizokuwa zikitaja kiwanda.

Weka msasa chini

Kosa linalofanywa na wengi ni kulipeleka sanduku kwa mpiga rangi siku ile ile. Rangi ya dawa juu ya herufi za 1948 ni sawa na kufuta cheti. Piga picha kwanza, kila upande, kila alama, na kila kitu kilichomo kikiwa bado mahali pake. Ukikuta risiti, kipande cha gazeti au jina lililoandikwa kwa kalamu, usitupe. Orodha ya Seaton ilikuwa karatasi tu pia.

Kisha osha kwa maji kidogo na sabuni laini, kausha vizuri, pitisha mafuta mepesi ya mashine kwenye bawaba na kufuli. Usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, hasa ndani ya nyumba yenye watoto. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Kingine: uliza limetoka wapi. Mwezi Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kuhujumu nyaya na milingoti ya umeme. Sanduku la karakana ambalo muuzaji hataki kueleza lilivyofika kwake, achana nalo hata likiwa tamu vipi.

Na yale yanayotengenezwa leo?

Pita Kamukunji, Nairobi, mchana wowote. Kelele za nyundo zitakupokea kabla hujaona mtu. Mafundi wa jua kali wanakunja bati na mapipa yaliyofunguliwa kuwa majiko, mikokoteni, masanduku ya wanafunzi wa bweni na, ndiyo, masanduku ya spana. Kazi safi, ya mkono, maungio yamekunjwa sawasawa na yale wanayoyalilia wakusanyaji wa ng'ambo.

Geuza moja kati ya hayo utafute maandishi. Mara nyingi hutapata kitu. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna mtaa. Miaka 60 ijayo mjukuu wa mtu atalishika mkononi na hatakuwa na pa kuanzia, wakati sanduku la Ohio lililo kando yake litakuwa bado linamwambia mji, kiwanda na muongo wake. Tofauti yao haitakuwa ubora. Itakuwa kibango cha shaba cha upana wa vidole viwili.

Hili laweza kurekebishwa leo hii, na gharama yake ni ndogo. Ukinunua sanduku kwa fundi, mwambie agonge jina lake, Kamukunji au popote alipo, na mwaka, ndani ya kifuniko. Kama wewe ndiye fundi, anza kugonga bila kuambiwa. Kama ni kijana wa gereji unayeanza na spana sita, ongeza jina lako chini ya lake. Litakusaidia siku vifaa vikichanganyika au vikiibwa.

Na kama kuna mzee nyumbani mwenye sanduku lake, usingoje stoo isafishwe. Mwambie alifungue, akueleze kila kifaa kilikuwa cha kazi gani, na wewe urekodi kwa simu. Mtu wa mizani hatalipia hayo. Wewe ndiye utakayeyahitaji.