Fito za Ndani ya Seli

Fungueni daftari zenu. Neno letu jipya leo ni tubulini.

Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Ndani yake mna fito nyembamba za protini ya tubulini. Fito hizo huisaidia seli isipoteze umbo lake, tena ni njia za kupitishia mizigo. Lakini kazi yake kubwa ni hii: seli inapogawanyika ziwe mbili, fito huuvuta urithi wake, nakala moja huku, nakala moja huku. Fito za nyumba zikishafungwa hukaa. Hizi hufumuliwa na kujengwa upya kila mara.

Basi, yako maradhi ambayo seli hugawanyika ovyo, nayo ni saratani. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona uvimbe huo ni adimu katika nchi za juu zenye baridi, na ni mwingi kwenye joto na mvua, penye malaria. Wenzetu wa bondeni Rukwa wasikilize sana, ingawa mtoto wa Sumbawanga naye hana kinga.

Dawa mojawapo, vinkristini, hutoka katika ua dogo lenye asili ya Madagascar, ambalo watu hulipanda bustanini kwa uzuri wake. Dawa hii huishika tubulini isiunganike kuwa fito. Seli ya saratani ikitaka kugawanyika hukwama, ikafa. Bahati mbaya, mishipa ya fahamu hutumia fito hizo hizo. Ndiyo sababu mgonjwa huona ganzi vidoleni, na choo hufunga. (Msichemshe ua hilo nyumbani! Ni sumu. Dawa yenyewe hupimwa kwa miligramu na kutiwa mshipani tu.)

Uvimbe huu hukua upesi ajabu: huweza kuzidi mara mbili kwa siku moja au mbili. Wazazi hudhani ni jino. Mtoto akivimba taya na meno yakalegea, msingoje mavuno yaishe. Mpelekeni hospitali, maana wanaowahi matibabu wengi wao hupona.

Sasa andikeni: seli, fito, tubulini. Kisha anayesoma vizuri amsomee jirani yake habari za fito.