Mita 30 za Manyatta

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, ivute karibu hadi uione Kondele mjini Kisumu, kisha isogeze polepole kuingia Manyatta. Utaona mabati tu, mengine yanang'aa, mengine yameshika kutu, yamebanana mpaka vichochoro vinapotea. Visima huvioni. Vimejificha uani, vimefunikwa kwa zege au kipande cha bati, kamba ya mpira imeviringishwa kando.

Watafiti waliwahi kuvifuata huko uani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, ambao Joseph Okotto-Okotto wa Kisumu na Jim Wright wa Chuo Kikuu cha Southampton walishiriki, ulikadiria wingi wa vyoo vya shimo vya Manyatta na Migosi, kisha ukalinganisha makadirio hayo na maji yaliyopimwa visimani. Vyoo vilipozidi ndani ya mita 100 za kisima, nitrati, moja ya dalili za uchafu wa vyoo majini, nayo ilizidi.

Ripoti ikikwambia visima viko karibu na vyoo, utaitikia na kufungua ukurasa unaofuata. Ramani inayokubali kuguswa haikuachii kirahisi hivyo. Weka tabaka la visima, juu yake tabaka la vyoo, halafu zungushia kila kisima duara la mita 30, umbali ambao miongozo ya kimataifa hutaka uwepo kati ya choo na maji. Kwa ploti za Manyatta zilivyo finyu, duara haliwezi kutoshea ndani ya ua mmoja. Linameza choo cha jirani wa kulia, cha wa kushoto, na cha yule wa nyuma ambaye hamsalimiani. Landilodi aliyejinyima akajenga choo safi kabisa bado anateka maji katikati ya mashimo ya wenzake. Na miradi yetu mingi ya usafi hutembea ploti kwa ploti: choo kimoja, mwenye ploti mmoja, utepe, picha. Mimi naona hapo ndipo fedha nyingi huzama, na duara lile lingeonyesha hivyo kabla hata ya tofali la kwanza.

Ila usiiamini ramani kupita kiasi. Simama kisimani asubuhi uulize haya maji ni ya nini.

"Ya kufua na kupiga deki, baba. Ya kunywa tunanunua ya mfereji."

"Na mfereji ukikauka?"

Mama anacheka, anainua mtungi wake wa lita 20. Kwenye skrini kisima chake ni kidoti kilekile, siku ya maji na siku ya ukame wa mifereji.

London ya mwaka 1854 ilikuwa na kitendawili kama hicho. Daktari John Snow alipochora vifo vya kipindupindu kuzunguka pampu ya Broad Street, wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu hawakuwemo katika hesabu ya vifo. Ilibidi mtu akaulize, ndipo ikajulikana kwamba walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba akijaza yale ambayo mchoro haukuyajua.

Manyatta haikosi watu wa namna hiyo. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, imekuwa ikifuatilia vizazi na vifo katika kaya za hapo, na taarifa zake hazichakai kwa sababu wahojaji hurudi mlangoni tena na tena. Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchini, na kazi yao huingizwa kwenye simu. Hawa wanajua kisima kipi kimefukiwa ili kijengwe chumba cha kupangisha, na kipi kimechimbwa juzi. Ramani za miradi hazijui, kwa kuwa aliyezichora alipanda gari akaenda zake mkataba ulipoisha.

Basi kaunti na KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, kabla ya kumlipa mshauri mwingine atuchoree Manyatta upya, mpeni mhudumu wa mtaa uwezo wa kufuta kidoti cha kisima kilichofukiwa na kuongeza kile kilichochimbwa juzi. Na mlipeni kwa kazi hiyo.