Kukagua Paa la Nyumba Baada ya Dhoruba

Kimbunga Hidaya, kilichofika kisiwani Mafia mwezi Mei 2024, kilitukumbusha kuwa pwani ya Tanzania haiko mbali na upepo wa hatari. Hata pasipo kimbunga, mvua za masika na za vuli huandamana na upepo uwezao kung'oa mapaa. Lakini hasara haimpati tu yule ambaye paa lake limeng'oka. Paa lililobaki mahali pake huku misumari imelegea huvuja kidogo kidogo, huozesha mbao, kisha huondoka katika dhoruba inayofuata. Ndiyo maana tunamshauri kila mwenye nyumba na kila mpangaji akague paa mapema, kabla mvua nyingine haijanyesha.

Usalama kwanza

Usipande juu ya paa lililolowa au wakati upepo ungali unavuma. Waya wa umeme ukiwa umeangukia bati au mfereji, usiguse nyumba. Kaa mbali na uliarifu shirika la umeme. Maji yakiwa yamefika kwenye taa au swichi, zima umeme kwenye swichi kuu, mradi swichi yenyewe ni kavu. Kumbuka pia kuwa paneli za sola huendelea kuzalisha umeme maadamu kuna jua. Mtu akinaswa chini ya kifusi, piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kagua ukiwa chini

Upepo haulisukumi paa tu. Upitapo juu yake hulivuta kwenda juu. Ukiingia kupitia dirisha lililovunjika, hulisukuma pia kutoka ndani. Mvuto huo huwa mkali zaidi pembeni, ukingoni na karibu na kofia. Anzia hapo, ukiangalia:

• mabati yaliyoinuka au kupinda;
• misumari iliyochomoza, matundu yaliyopanuka na raba zilizotoka;
• kofia iliyosogea au vigae vilivyopasuka;
• mifereji iliyolegea au kuziba.

Kagua ukiwa ndani

Mchana, zima taa na utazame darini. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Ukiona doa la maji, usidhani tundu liko juu yake moja kwa moja, kwa maana maji hufuata mbao kabla ya kudondoka. Chunguza viungo vya kenchi kama vimeachana, na mahali kenchi zinapofungwa ukutani. Choma mbao kwa ncha ya bisibisi: ikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na kupigilia bati jipya juu yake ni kupoteza fedha.

Nyumba za zamani zenye mapaa ya asbesto zinahitaji uangalifu wa pekee. Usiyavunje, usiyakate wala usiyafagie makavu, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Tafuta mtaalamu.

Kabla ya kutengeneza

Piga picha za kila uharibifu, ndani na nje. Ikiwa nyumba ina bima, mjulishe mtoa bima ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba wako. Unaweza kufunika tundu kwa turubai ili hasara isiongezeke. Tunza risiti ya turubai hilo. Usitupe mabati yaliyoharibika kabla mkaguzi wa bima hajayaona. Mpangaji naye amwarifu mwenye nyumba kwa maandishi na abaki na nakala.

Wakati wa kununua na kuajiri fundi

Baada ya dhoruba mahitaji huongezeka, na hapo ndipo mtumiaji hudanganywa. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Usitegemee neno la muuzaji. Soma maandishi yaliyo kwenye bati, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na uombe bati lipimwe unene mbele yako. Dai risiti inayotaja geji na idadi ya mabati.

Fundi anayebisha hodi akitaka malipo yote siku hiyo hiyo asikuharakishe. Linganisha bei za mafundi wawili au watatu. Andikianeni kazi itakayofanyika, vifaa, gharama na muda, kisha lipa kwa awamu kadiri kazi inavyokamilika. Ukibaini kuwa umeuziwa bidhaa isiyolingana na maelezo, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, tuletee malalamiko yako pamoja na risiti, makubaliano na picha. Vielelezo hivyo ndivyo vinavyotuwezesha kuchukua hatua.