Mwanao Anaijua Nairobi?

Mzazi, hebu muulize mwanao leo akutajie sehemu tatu za Nairobi alizowahi kuzitembelea kwa miguu. Usishangae akitaja maduka makubwa mawili na kituo cha matatu. Kosa si lake. Ni sisi tunaompitisha mjini mbio mbio, tumemshika mkono kama mzigo unaoweza kuibwa.

Jumapili ijayo mtoe. Vaeni viatu vilivyozoea mguu, mbebe maji na chapati za nyumbani, muanzie Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni. Kiingilio mtalipa, lakini hakuna mtoto atakayelisahau behewa la Kima. Mnamo Juni 1900, afisa wa polisi, Charles Ryall, alikaa ndani yake usiku akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akamburura nje kupitia dirishani. Behewa hilo lipo mpaka leo. Mwache mwanao asimame mbele yake atakavyo, usimharakishe. Kisha mweleze kwamba reli ilifika hapa 1899, na kabla yake Wamaasai walinywesha mifugo kwenye maji baridi yaliyolipa jiji hili jina.

Kutoka hapo pandeni hadi Uhuru Park. Tafuteni kivuli, fungueni chapati. Huku mkila, mwambie kijana wako kwamba nusura pasiwe na nyasi za kukalia. Mwaka 1989 palipangwa kujengwa hapo jumba la orofa 60. Wangari Maathai aliandika barua akapinga, akatukanwa hata bungeni. Je, angenyamaza? Jumba halikujengwa.

Malizieni bustani ya Jeevanjee, ile mnayoipita kila siku mkielekea Soko la Jiji. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji ardhi hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari, na mjukuu wake, Zarina Patel, akawa mstari wa mbele kuuzuia. Leo utakuta mhubiri anayepaza sauti, mpiga picha anayetafuta mteja, na mtu aliyelala kwenye nyasi akiwa amejifunika gazeti (huenda hili hili!). Kukaa hapo ni bure.

Nawe mwanafunzi unayeshinda bwenini ukilalamika kwamba Nairobi ni ya wenye pesa, ziara hii yote inakutaka kiingilio kimoja tu na nauli. Mchukue rafiki aliyetoka mashambani juzi. Maswali yake yatakuonyesha usivyojua mji wako.

Jambo moja tu: msichelewe. Ikifika jioni na mawingu yakitanda, nauli hupanda ghafla, na mtoto aliyechoka hubebwa mgongoni.