Mtaro Ukimfukia Mtu

Mchimbaji akifukiwa na udongo katika mtaro wa bomba au shimo la choo, wenzake hurukia ndani na majembe. Ndugu msomaji, ni upendo unaowasukuma. Lakini hilo ndilo jambo la kwanza ambalo askari wa zimamoto hufundishwa kutolifanya.

Sababu ni uzito. Udongo wa meta moja ya ujazo hufikia tani moja na nusu hivi, na ukilowa huzidi. Ukuta ukiporomoka, sehemu ya juu hubaki ikining'inia, na kishindo cha miguu ya watazamaji chaweza kuiangusha juu ya hao waokoaji. Naye aliyefukiwa hadi kifuani, hata kama kichwa kiko nje, yumo hatarini: kila anapotoa pumzi kifua hupungua, udongo hujaza nafasi ile, na pumzi ifuatayo huwa fupi zaidi.

Kwa hiyo askari hufanya mazoezi katika mtaro uliochimbwa kwa kazi hiyo, sanamu ya mtu ikiwa imefukiwa ndani. Huzima mashine zote na kusimamisha magari. Hulaza mbao pana ukingoni ili uzito wao usambae, na kusogeza nyuma rundo la udongo, ambalo mara nyingi ndilo lililoulemea ukuta. Hupima hewa ya ndani. Kisha hushusha mbao nene pande zote mbili na kuzikaza kwa mihimili katikati. Hapo tu ndipo mtu hushuka kwa ngazi, achimbe kwa mikono, koleo fupi na ndoo. Kazi huchukua saa nyingi, na jamaa huona kama wanazembea. Hawazembei.

Hatari nyingine ni ya damu. Mwaka 1941, wakati wa vita, watafiti wa London, Eric Bywaters na Desmond Beall, walieleza habari za watu waliotolewa chini ya vifusi wakiwa hai, wakafa siku chache baadaye. Misuli iliyobanwa muda mrefu hufa. Uzito ukiondolewa, potasiamu iliyomo humwagika katika damu na huweza kusimamisha moyo, na rangi nyekundu ya misuli huharibu figo. Ndiyo maana waokoaji wenye mafunzo humwekea majeruhi dripu kabla ya kumfungua. Aliyetolewa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema ni mzima. Mkojo wenye rangi ya chai nzito ni dalili mbaya.

Je, zimamoto wakiwa mbali? Piga simu hata hivyo. Tanzania namba ni 114. Ondoa watu ukingoni, weka alama alipoonekana mwisho, hesabu waliokuwa ndani, na kama anasikia, zungumza naye. Asishuke mtu kabla kuta hazijakazwa kwa mbao.

Nchini Marekani sheria hudai kuta zikingwe kuanzia kina cha futi 5, na udongo uwekwe futi 2 au zaidi kutoka ukingoni. Futi 5 ni meta moja na nusu tu, kina kisichomfunika mtu mzima aliyesimama.