Wanaotengeneza Mipira ya Mikono

Muuguzi wa hapa Visiwani anapovaa mipira ya mikono ili amzalishe mama, hana njia ya kumjua aliyeikagua. Huivaa kwa kuamini tu. Huko Bara, katika eneo la Idofi mjini Makambako, pale barabara ya kwenda Songea inapoachana na ile ya Mbeya, Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha kutengeneza mipira hiyo. Mambo ya afya si ya Muungano, na Zanzibar ina bohari yake. Hata hivyo maradhi hayasomi Katiba, nasi twaona tunayo haki ya kuuliza habari za kiwanda hicho.

Mara nyingi huulizwa idadi: mashine ngapi, jozi ngapi kwa saa. Leo twapenda kuuliza juu ya watu.

Kazi ya viwanda vya aina hii ni nzito. Mikono ya kauri huzungushwa juu ya mnyororo usiosimama, ikachovywa katika maji yenye chumvi ya kalsiamu, kisha katika utomvu wa mpira uliotiwa amonia usipate kuganda, ikapita katika tanuri na kuoshwa, ndipo mipira ikavuliwa. Nje ni baridi kali ya nyanda za juu; ndani ni joto na harufu inayochoma macho. Tanuri haizimwi ovyo, kwa hiyo watu hufanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Mwishoni mipira michache huchaguliwa na kujazwa lita moja ya maji ionekane kama inavuja.

Hapo ndipo mwenendo wa kazini unapoigusa afya ya mgonjwa. Mfanyakazi aliyeona tundu saa tisa ya usiku, naye anajua kwamba msimamizi atamkaripia kwa kupunguza hesabu ya zamu, atashawishika kunyamaza. Msimamizi mbabe aweza kupata hesabu kubwa, lakini ndani ya hesabu hiyo mna mipira iliyotoboka.

Malaysia, inayoongoza duniani kwa kazi hii, imeyaona haya. Mwezi Julai 2020 Marekani ilizuia mipira ya kampuni ya Top Glove kwa tuhuma za kuwatumikisha wafanyakazi kwa nguvu. Novemba mwaka huo huo maelfu ya wafanyakazi wake, waliosongamana katika mabweni, waliambukizwa UVIKO-19, na serikali ikaagiza viwanda 28 vifungwe kwa awamu. Ndio waliokuwa wakiukinga ulimwengu! Zuio lilipoondolewa Septemba 2021, kampuni ilikuwa imekwisha kuwarudishia wafanyakazi wageni ada walizotozwa ili kupata kazi.

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi majivuno na dharau. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, waliuchukua Mwongozo huo kwa dhati, wakamfungia nje mwenye kiwanda.

Siku hizi ziko sheria. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, yaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Sisi tunayo yetu ya mwaka 2005. Lakini sheria iliyobandikwa ukutani haimwezeshi kijana wa zamu kumwambia mkubwa wake kwamba tanuri imepoa.

Kwa hiyo twawaomba waheshimiwa wanaozuru viwanda wasiende asubuhi tu, wakati sakafu imekwisha kupigwa deki. Waende zamu ya usiku. Wakae na wafanyakazi bila ya meneja kuwapo, wawaulize ni lini mara ya mwisho mmoja wao alisimamisha mnyororo, na alifanywa nini baadaye. Nao maofisa wa bohari yetu, siku watakapotaka kununua mipira, ya Makambako au ya ng'ambo, waombe kuonyeshwa daftari la malalamiko ya wafanyakazi pamoja na cheti cha ubora.